Tumbo la Nandi, Mkono wa Kalili

Ujumbe ulitoka kwa Walangeni ukafika kwa Wazulu: binti yetu Nandi ana mimba, na aliyempa mimba ni kijana wenu Senzangakhona. Ilikuwa kadiri ya mwaka 1787. Wazulu wa wakati ule walikuwa ukoo mdogo wa wafugaji waliokaa karibu na mto Mfolozi, na aliyewajua sana ni jirani yao. Jibu walilorudisha, kwa jinsi linavyosimuliwa hadi leo, lilikuwa la dharau. Hiyo si mimba, wazee walisema. Huyo binti ana ishaka.

Ishaka ni mdudu. Watu wa huko waliamini kwamba kuna kidudu kinachokaa tumboni, na mwanamke akiwa nacho hukosa hedhi, tumbo likajaa kama la mja mzito. Kumwambia msichana kwamba ana ishaka ilikuwa njia ya kusema: mtoto hatumtambui, ng'ombe hatutoi, na aibu hiyo ibaki huko huko kwenu. Miezi ikatimia, mtoto akazaliwa wa kiume, na Walangeni wakatuma watu kwa mara ya pili kuwaita Wazulu waje wamchukue Nandi pamoja na mdudu wake. Mtoto akabaki na jina hilo. Akaitwa Shaka.

Padri A. T. Bryant aliiandika habari hii katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1929, na wazee wa Kizulu walikuwa wakiisimulia kabla yake. Mimi hunishika kila ninapoisoma, kwa sababu ya kitu ambacho msimulizi wa Kizulu hakukikusudia. Sisi wa Kiswahili tunalo neno shaka. Kwetu ni kutokuwa na hakika, neno lililotoka Kiarabu likakaa nasi mpaka likazaa wingi wake wenye maana ya taabu: mashaka. Kati ya neno hilo na lile la Kizulu hakuna undugu wowote, ingawa Kizulu na Kiswahili vyenyewe ni ndugu wa tumbo moja. Kwao mtu ni umuntu, nyama ni inyama, maji ni amanzi. Hata hivyo, Mswahili akilisikia jina la huyu mtoto kwa masikio yake mwenyewe, hapotei mbali. Mtoto alizaliwa katika shaka. Baba alishukiwa, akakana, na kukana kwake kukageuzwa kuwa jina.

Na jina hilo lilimtesa. Senzangakhona alimpokea Nandi hatimaye, bila heshima ya arusi kamili, na baada ya miaka michache mama na mtoto walirudishwa kwa Walangeni. Huko nako hawakupata raha. Watoto wenzake walimfanyia Shaka mizaha na ukatili wa malishoni ambao wasimulizi wote wanaukumbuka, na mama yake alinyooshewa vidole kama mwanamke aliyeachwa. Njaa kubwa iliyoitwa Madlathule ilipoingia, kadiri ya mwaka 1802, Walangeni hawakuwa na chakula cha kuwapa hao wawili. Nandi akamshika mwanawe mkono wakaondoka kutafuta pa kulala. Mwisho wake walipata hifadhi chini ya Wamthethwa.

Kwa Wamthethwa ndiko mdudu alikogeuka simba. Chifu wao, Dingiswayo, alikuwa amewapanga vijana katika amabutho, yaani vikosi vya marika, na Shaka akaingia katika kikosi kilichoitwa iziCwe. Alikuwa na mwili mkubwa, hasira kubwa, na akili ya kuitazama vita kama fundi anavyotazama mbao. Watu wa wakati ule walirushiana mikuki mirefu kwa mbali, wakitukanana na kukwepa, na mkuki ukishatupwa umekwenda. Shaka aliushikilia mkuki mfupi wenye kichwa kipana, wa kuchoma mtu ana kwa ana, ambao haumtoki mpiganaji mkononi. Uliitwa iklwa. Wenyewe husema jina hilo ni mlio wa chuma kinapochomolewa mwilini, na sijui kama kuna lugha nyingine iliyokiita chombo cha vita kwa ukweli wa kutisha kiasi hicho.

Senzangakhona alifariki mwaka 1816. Kwa msaada wa Dingiswayo, mwana aliyekanwa akachukua kiti cha baba yake na kumwondoa ndugu aliyekuwa amerithishwa. Muda si mrefu Dingiswayo mwenyewe akauawa na Zwide, mkuu wa Wandwandwe, na Shaka akabaki peke yake mbele ya adui huyo. Mwaka 1819, kwenye mto Mhlatuze, jeshi la Zwide likavunjwa. Ukoo mdogo wa Mfolozi ukawa dola. Vijana wa koo mbalimbali walitiwa katika vikosi vya marika pamoja, wakapewa ngao za rangi ya kikosi chao, wakala ng'ombe wa mfalme, na hawakuoa mpaka mfalme aruhusu kikosi kizima kivae isicoco, pete ya kichwani ya mtu mzima. Wasichana nao walikuwa na marika yao. Kijana aliyekuwa Mlangeni au Mqwabe kwa baba yake alitoka humo akiwa Mzulu.

Nako kwa Walangeni alirudi. Waliomcheka utotoni walilipa kwa roho zao.

Hapa ndipo neno lilipobadilika, nami naona hili ni jambo la kukaa nalo kidogo. Kizulu kina desturi iitwayo hlonipha. Mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo kwa sauti, hutafuta jingine. Kwa mfalme desturi hiyo huwa ya nchi nzima. Mpande alipotawala, baada ya ndugu zake Shaka na Dingane, watu waliliepuka neno impande, maana yake mzizi, wakasema ingxabo badala yake. Katika nchi yenye adabu ya namna hiyo, fikiria jina la Shaka lilivyosafiri. Lilianza kinywani mwa wazee waliotaka kumdhalilisha msichana mmoja. Baada ya miaka kama thelathini likawa jina ambalo watu waliapa kwalo, lililosifiwa na mbongi, mtunzi wa sifa za mfalme, akitembea huku na huko mbele ya jeshi, na ambalo mtu hakulitaja ovyo akitaka kuishi. Shaka hakulibadilisha jina. Angeweza, wafalme hubadilisha. Aliliacha vile vile na akawalazimisha watu wabadilishe maana yake.

Nandi alifariki Oktoba 1827, akiwa mama wa mfalme, mwenye heshima kuliko mwanamke yeyote nchini. Huzuni ya mwanawe ilipita kipimo. Henry Francis Fynn, Mwingereza aliyekuwapo, aliandika kwamba watu wapatao 7,000 waliuawa katika maombolezo hayo, kwamba ilikatazwa kulima, na kwamba maziwa yaliyokamuliwa yalimwagwa chini.

Lakini hapo kwa Fynn lazima tulitumie neno letu wenyewe, shaka la Kiswahili. Fynn na mwenzake Francis Farewell walifika Port Natal, Durban ya leo, mwaka 1824 kutafuta pembe za ndovu. Nathaniel Isaacs alifuata mwaka 1825, akiwa kijana mdogo. Isaacs ndiye aliyechapa kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu Shaka, mwaka 1836, na ipo barua yake ya mwaka 1832 kwa Fynn ambayo inapaswa kusomwa pamoja na kitabu hicho. Anamshauri mwenziwe aandike naye, na awachore wafalme wa Kizulu kama watu wenye kiu ya damu kadiri awezavyo, ili kitabu kinenepe na kivutie. Fynn naye aliyapoteza maandishi yake ya awali. Yalizikwa kaburini pamoja na ndugu yake. Akaandika upya kutoka kumbukumbu, na shajara yake haikuchapishwa mpaka mwaka 1950. Hesabu ile ya watu 7,000 imetoka katika mikono hiyo.

Sisemi Shaka alikuwa mpole. Wazulu wenyewe hawasemi hivyo. Kuanzia mwaka 1897, hakimu mmoja wa Natal, James Stuart, alijua Kizulu vizuri na akawa anakaa na wazee kuandika maneno yao, karibu watu mia mbili kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Mmoja wao alikuwa Jantshi, ambaye baba yake, Nongila, aliwahi kuwa mpelelezi wa Shaka. Wazee hao wanakumbuka mauaji, wanakumbuka hofu, na wanakumbuka pia mfalme aliyependa kucheza ngoma, aliyetunga nyimbo, aliyegawa ng'ombe. Shaka wao ana nyama na mifupa. Shaka wa Isaacs ni zimwi la kuuzia vitabu, na kwa bahati mbaya ndiye aliyesafiri zaidi.

Kifo chake kilitoka nyumbani. Septemba 1828 jeshi lilikuwa mbali, kaskazini, na mfalme alikuwa kwenye makao yake ya kwaDukuza karibu na bahari. Ndugu zake wa baba, Dingane na Mhlangana, pamoja na mtumishi wake wa ndani Mbopha, walimchoma mikuki. Shangazi yake Mkabayi alikuwa nyuma ya shauri hilo. Mwili ulitupwa katika shimo tupu la kuhifadhia nafaka, ukafukiwa. Kwa Mswahili wa Lamu au Kipini kisa hiki kina mwangwi. Upande wa Ozi, karibu na mto Tana unapoingia baharini, masimulizi ya Fumo Liyongo yanautaja mji wa kale ulioitwa Shaka. Na Liyongo naye, shujaa asiyepenyeka kwa silaha, aliuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Majina hayo mawili yamefanana kwa bahati tu. Maumivu ya kuuawa na watu wako, hayo hayakufanana kwa bahati.

Vita vya miaka ile vilisukuma watu mpaka kwetu. Baada ya Zwide kuvunjwa, mmoja wa waliokuwa upande wake, Zwangendaba, aliongoza watu wake kaskazini kupitia Msumbiji. Walivuka mto Zambezi siku jua lilipopatwa, Novemba 20, 1835, na wakaendelea mpaka Ufipa, Tanzania ya leo, ambako Zwangendaba alifia. Makundi yaliyotoka hapo ndiyo Wangoni tunaowajua, na baadhi yao walishuka mpaka Songea. Walikuja na mkuki mfupi, ngao ya ngozi ya ng'ombe, vikosi vya marika na cheo cha nduna, yaani jemadari. Mji wa Songea una jina la nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 pamoja na wenzake kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Wanahistoria wanabishana, hasa tangu Julian Cobbing alipochapisha makala yake mwaka 1988, kama misukosuko ile yote ni ya kumbebesha Shaka mmoja, au biashara ya watumwa na wavamizi kutoka Rasi ya Tumaini Jema walikuwa na mkono mkubwa. Ni ubishi wa haki. Familia za kina Gama, Jere na Mbano walio hai Songea ni ushahidi kwamba, kwa vyovyote vile, mtikisiko ule ulifika mbali.

Vitabu vikafuata. Thomas Mofolo, Msotho, aliandika riwaya yake kuhusu Shaka kwa Kisotho mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wamisionari wa Morija wakaikalia mpaka mwaka 1925 ndipo ikachapwa. Mazisi Kunene, Mzulu, alitunga utenzi mrefu uliotoka mwaka 1979 akimrudishia mfalme adhama yake. Mwaka 1986 televisheni ya Afrika Kusini ilionyesha tamthilia ambayo Henry Cele alicheza kama Shaka, na sura ya Cele ikawa ndiyo sura ya Shaka kwa mamilioni ya watu, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki walioiangalia kwa kanda za video.

Sasa tuvuke bahari nyingine kabisa, kwa maana huko nako lipo neno shaka, na ni jina la ishara ya mkono.

Mwaka 1819, Shaka alipokuwa anamkabili Zwide, katikati ya Bahari ya Pasifiki alifariki mfalme mwingine aliyekuwa ameziunganisha nchi kwa vita, Kamehameha wa Hawaii. Wazungu waliwaita wote wawili Napoleon, kila mmoja Napoleon wa kwake, kana kwamba hakuna mtu anayeweza kujenga dola bila kuazima jina la Mfaransa. Ufalme wa Kamehameha ulidumu mpaka Januari 1893, wafanyabiashara wenye asili ya Marekani walipompindua Malkia Liliuokalani. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Mwaka 1896 Kihawaii kilikuwa kimeondolewa katika ufundishaji shuleni. Nchi ilikuwa ya miwa.

Neno ninalolifuata mimi lilitoka katika miwa hiyo, si katika jumba la mfalme. Kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, huko Kahuku, kulikuwa na shamba kubwa na kiwanda cha sukari kilichoanza mwaka 1890. Katika kijiji cha jirani, Laie, alizaliwa mwaka 1882 mtu aliyeitwa Hamana Kalili. Alikuwa Mhawaii wa asili, mvuvi mwenye kifua kipana, mwimbaji wa kanisa la Wamormoni ambalo lilikuwa na watu wengi pale kijijini. Alifanya kazi kiwandani, kwenye rola za chuma zinazokamua miwa. Muwa huingizwa kwa mkono upande huu, rola mbili huuvuta, maji hutiririka chini, makapi hutoka upande wa pili. Siku moja rola zilivuta mkono wake wa kulia pamoja na muwa. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vikaenda. Alibaki na dole gumba na kidole cha mwisho.

Mtu asiye na vidole vitatu hawezi tena kulisha rola. Kampuni ikampa kazi ya ulinzi wa gari moshi lililobeba miwa kati ya Sunset Beach na Kaaawa. Na hapo wakaingia watoto. Watoto wa kila nchi yenye miwa hupenda kurukia gari la miwa linapopunguza mwendo, na wale wa Laie hawakuwa tofauti. Kalili aliwafukuza. Wao wakawa na mlinzi wao wa kuchungulia, na walipotaka kuambiana kama njia ni nyeupe au yule mzee yupo, waliinua mkono juu wakaukunja kama wake: gumba nje, kidole cha mwisho nje, vitatu vimelala. Wengine husimulia kwamba ishara ilitokana na Kalili mwenyewe akipunga mkono, kwamba njia iko salama, gari liende. Naona simulizi zote mbili zaweza kuwa za kweli kwa siku tofauti. Zote zinarudi kwenye jeraha lile lile na kijiji kile kile.

Ungetegemea mtu wa namna hiyo aufiche mkono. Kalili hakuuficha. Mwaka 1948 watu wa Laie walianza kufanya hukilau ya hadhara, uvuvi wa juya kubwa ambapo kijiji kizima huvuta kamba pamoja, wakiwaalika wageni kwa kiingilio ili wapate fedha za kujenga upya kanisa lao lililoungua mwaka 1940. Kalili alikuwa miongoni mwa wazee walioongoza uvuvi huo, na katika maonyesho ya sherehe alicheza kama mfalme. Mtu ambaye kiwanda kilikuwa kimemwondoa kwenye rola alisimama mbele ya watu akiwa amevaa joho la kifalme, akawapungia wageni kwa mkono ule ule. Watoto waliokuwa wakimuiga kwa utundu walikuwa sasa watu wazima. Ishara ilikuwa imeacha kuwa ya kukwepa mlinzi, ikawa salamu. Alifariki mwaka 1958.

Ishara ilikuwepo, ila bado haikuitwa shaka. Na hapa fumbo linaingia, kwa kuwa neno hili haliwezi kuwa la Kihawaii. Lugha hiyo ina herufi kumi na tatu tu. Haina s wala sh. Mhawaii wa zamani angetaka kusema shaka, ulimi wake usingepata pa kulishika. Neno ni la lugha ya mashambani, ile ambayo Wahawaii, Wachina, Wareno, Wajapani na Wafilipino waliiumba wenyewe kati ya miwa ili waelewane, jinsi vijana wa Nairobi walivyoumba Sheng kati ya nyumba za Eastlands. Wengine wanalielekeza kwa Wajapani, waliofika kwa mara ya kwanza kama watu 150 mwaka 1868, kisha kwa maelfu kuanzia mwaka 1885. Kijapani kina neno Shaka, nalo ni jina la Buddha mwenyewe. Hakuna hati inayoufunga uzi huo, lakini ninapenda kwamba unawezekana.

Aliyelipeleka neno kila nyumba ni muuza magari, David Espinda, aliyejulikana kwa jina la Lippy. Katika miaka ya 1960 alikuwa na matangazo ya televisheni ya magari yaliyotumika, akimaliza kwa kuinua ule mkono na kusema neno lenyewe kwa lafudhi ya mitaani. Watu walimcheka kwa upendo, na watoto wakalibeba. Mwaka 1976, Frank Fasi, meya wa Honolulu, aliitumia ishara hiyo katika kampeni yake. Wachezaji wa mawimbi, wale wanaosimama juu ya ubao na kuteleza na bahari, waliichukua kutoka fukwe za Oahu wakaipeleka California, Australia, Brazili. Maana yake ilikuwa imeshapanuka mpaka haishikiki kwa neno moja: asante, karibu, pole pole, tuko pamoja, umenipisha barabarani nimeona. Mwezi Juni 2024 gavana Josh Green alitia saini sheria iliyoifanya shaka kuwa ishara rasmi ya jimbo la Hawaii. Katika ua wa kituo cha utamaduni cha Wapolinesia huko Laie ipo sanamu ya Hamana Kalili. Kwetu mkono ule ule ukiwekwa sikioni husema nipigie simu, na alama yake ya simu za mkononi, iliyotoka mwaka 2016, imeitwa hivyo.

Nimeyaweka maneno haya mawili bega kwa bega kwa muda mrefu sasa, na kinachonigusa si kufanana kwa sauti. Ni pale yalipoanzia. Moja lilianzia kwenye tumbo la msichana ambaye wazee hawakutaka kumwamini, jingine kwenye mkono uliosagwa na kiwanda ambacho hakikuwa cha mwenye mkono. Hakuna aliyekuwa na mamlaka aliyekusudia heshima katika lolote kati ya hayo. Nandi hakuwa na wazee wa kumtetea mbele ya Wazulu. Kalili hakuwa na ardhi ya mababu wala serikali yake. Vyote vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa akiwa mtoto. Walichokuwa nacho ni kilichokuwa kimeharibika, na watu waliowazunguka wakakipa jina. Tofauti ni namna jina lilivyogeuzwa. Shaka aliligeuza kwa mkuki, na nchi ikalipa gharama ambayo bado inahesabiwa. La Kalili liligeuzwa na watoto wa kijiji, kidogo kidogo, kwa kumuiga mzee waliyemtoroka kisha wakampenda.

Afrika Kusini nayo imekuwa ikibishana kuhusu lake. Septemba 24, siku ambayo Wazulu humkumbuka Shaka, ilitaka kuachwa nje ya orodha ya sikukuu za nchi mpya. Wawakilishi wa chama cha Inkatha wakapinga, na suluhu ikawa kuifanya Siku ya Urithi kwa raia wote, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1995. Mwaka 2010 uwanja mpya wa ndege kaskazini mwa Durban ulifunguliwa kwa jina la Mfalme Shaka. Mbele yake ikasimamishwa sanamu iliyochongwa na Andries Botha, ikimwonyesha Shaka pamoja na ng'ombe, bila silaha mkononi. Baada ya wiki chache ikaondolewa. Mfalme Goodwill Zwelithini alikuwa amelalamika kwamba babu yake ameonyeshwa kama mchunga ng'ombe. Mimi ningeiacha. Shaka alichunga kweli, kwa Walangeni, akiwa na jina lililokuwa tusi, na ni huyo mchungaji aliyenifanya nianze kuandika. Lakini ukoo una haki ya kuamua jinsi mtu wao anavyosimama, na naelewa kwa nini watu ambao mzee wao aliitwa mdudu hawakutaka aonekane mdogo tena.

Kutoka uwanja huo, barabara ya pwani kuelekea kaskazini inafika Ballito kwa muda mfupi. Ballito ni mji wa ufukwe, na kila mwaka, wakati wa baridi yao, wachezaji wa mawimbi kutoka duniani kote hukutana hapo kwa mashindano yaliyoanzia Durban mwaka 1969. Wapo wanaotoka Hawaii. Hutua kwenye uwanja wa Shaka, hubeba mbao zao, huingia Bahari ya Hindi, na wimbi likiwabeba vizuri huinua mkono kwa wenzao walio ufukweni: gumba nje, kidole cha mwisho nje. Watoto wa Kizulu wanaocheza mchangani wanawajibu kwa mkono ule ule.

Ballito iko ndani ya manispaa ya KwaDukuza. Ukiendelea na barabara ile unaingia mjini penyewe, palipokuwa na makao ya mfalme. Kati ya maduka na kelele za teksi lipo jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mwaka 1932, na chini yake, kwa jinsi Wazulu wanavyoamini, ndipo lilipokuwa lile shimo la nafaka.